Namba Anayoijua Bosi

Mimi ni mpiga pasi, na kazi ya pasi inamzoesha mtu kuongea huku amesimama, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. Habari hii si yangu. Ni ya mwenzangu wa kazi, dobi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Povu. Mtoto hana, umama alipewa na povu la sabuni lisiloisha mikononi mwake. Anafua shuka, foronya na mataulo ya nyumba za wageni, kwa mkono, kwenye mabeseni makubwa ya bati uani kwenye nyumba anayopanga, na mimi niko barazani na pasi yangu ya mkaa. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi, kiasi kwamba tukigombana asubuhi tunapatana kabla maji hayajapoa.

Ukitaka kumjua mwanamke huyu, angalia kamba yake ya kuanikia. Katikati ya shuka utaona mfuko wa nailoni umebanwa kwa vibanio viwili, na ndani ya mfuko kuna simu. Si wazimu. Kwetu mtandao ni wa kubahatisha: jikoni haufiki, chumbani haufiki, barazani unakuja na kuondoka kama paka wa jirani. Ila pale kwenye kamba unashika. Basi simu inaanikwa. Ikiita, Mama Povu anaacha kila kitu, anakimbia na povu mpaka viwikoni, na anapokea simu ikiwa bado imo ndani ya nailoni. Mimi nilizoea kumcheka. Nilimwambia, "Mwenzangu, simu yako itakauka kabla ya shuka." Yeye hakucheka. Simu ile hakuwahi kuiacha iite mpaka ikatike.

Sababu ni kaka yake.

Kaka yake tunamwita Bosi, kwa kuwa yeye humwita kila mtu bosi: askari, mchuuzi, mtoto anayetambaa, hata mbuzi wa mwenye nyumba. Zamani alikuwa seremala, tena fundi wa kweli, kitanda ninacholalia mimi ni kazi yake. Homa ya uti wa mgongo ikamlaza, na alipoinuka mwili ulikuwa mzima ila kumbukumbu zilikuwa zimekwenda na homa. Ukiwa mbele yake anakujua. Ukigeuka, umefutika. Tena anapenda kutembea. Anatoka nyumbani kwa mwendo wa mtu anayewahi kazini, anakwenda, anakwenda, halafu akifika mahali asipopajua anasimama tu. Kurudi hajui.

Dada yake ndiye aliyemfundisha namba ya simu. Shuka kubwa haikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, mnasokota mpaka maji yote yatoke. Bosi alikuwa anashika ncha yake, na kila msokoto ulikuwa na tarakimu yake. Wanasokota, wanataja. Wanachukua shuka nyingine, wanaanza upya. Jamani, niliisikia namba ile mpaka nikaiota. Nilimwambia aache kumchosha mgonjwa, na mimi kuninyima usingizi. Hakuacha. Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza, ndipo siku moja Bosi akiwa amekaa zake anakula akaitaja yote, mwanzo hadi mwisho, bila kushika shuka. Mama Povu akakaa chini palepale kwenye maji machafu akalia.

Tangu hapo Bosi akipotea, humwendea mtu yeyote aliye karibu na kusema, "Bosi, nipigie dada." Kisha anaitaja. Na watu hupiga, lazima niseme ukweli, watu si wabaya kama tunavyowasema. Waliowahi kupiga ni mlinzi wa kiwanda cha mbao, muuza mkaa, mhudumu wa kituo cha mafuta, mwalimu aliyemkuta kasimama langoni mwa shule. Mama Povu anafuta mikono, anavaa viatu, anakwenda kumchukua. Haulizi ni mbali kiasi gani. Namba ile ndiyo kitu pekee kilichobaki kichwani mwa Bosi ambacho mtu mgeni anaweza kukitumia kumrudisha nyumbani.

Sasa likatoka tangazo kwamba kila laini ya simu ihakikiwe kwa alama za vidole, na isiyohakikiwa itafungwa. Walisema ni kwa usalama wetu, wezi wa mitandaoni wamezidi. Wengine tulijivuta. Mama Povu kesho yake tu alikuwa njiani, na akanikokota twende wote.

Njia panda kulikuwa na wakala, kijana mtanashati chini ya mwavuli, na kimashine chenye kioo cha kuwekea kidole. Kijana ana adabu utadhani anaposa. Akampa mama yetu kiti, akachukua kitambulisho, akasema, "Weka kidole hapa, mama."

Mama Povu akaweka.

"Haijasoma. Rudia."

Akarudia. Haijasoma. Kidole kingine. Haijasoma. Rudia, mama, bonyeza kidogo. Rudia, usitikisike. Mimi jua linanichoma, nikaanza kusonya. Mama Povu anaomba radhi. "Nivumilie mwanangu, vidole vyangu vimeliwa na sabuni."

Na hapa ndipo muelewe kosa lilipotokea, maana si ujinga. Vidole vya dobi havina mistari. Sabuni, dawa ya madoa na kusugua miaka yote vimevilamba mpaka vikawa kama mgongo wa kijiko. Zahanati mashine inamkataa, benki inamkataa. Kila mahali anaambiwa rudia. Mtu mwingine angeambiwa rudia mara zote zile angeuliza kulikoni. Yeye alijiona msumbufu. Kijana alikuwa na subira ya ajabu, mpaka nikasema moyoni, huyu kalelewa. Alipomaliza akatushukuru, nasi tukamshukuru zaidi. Mungu anisamehe, nilimwombea baraka mwizi kwa kinywa changu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Povu akatoa simu kambani akaitazama, akairudisha, akaitoa tena. Haina huduma. Tukadhani ni mtandao wetu na vituko vyake. Akaisogeza kotekote kambani, akaipandisha juu ya mti wa kuegeshea ngazi. Hakuna. Nikampigia kwa simu yangu, na yule mwanamke wa mashine, ambaye hata siku moja hajawahi kuwa na habari njema, akanijibu kwamba namba ile haitumiki.

Nilimwona Mama Povu akibadilika uso. Hakuuliza kuhusu simu. Aliuliza, "Bosi yuko wapi?"

Alikuwa kwa kinyozi, mlango wa tatu kutoka kwetu. Huwa anakaa pale kwenye benchi, anafagia nywele, anawaita wateja bosi na wateja wanafurahi. Mama Povu akamwendea kinyozi, akamwambia taratibu, "Leo usimwache atoke." Kisha akavua kanga ya kazini, tukaenda ofisi ya kampuni ya simu.

Ofisi ile ina baridi ya mashine na viti vya plastiki vilivyounganishwa, akiinuka mmoja mnatikisika wote. Tulikaa mpaka nikajua rangi za kucha za kila mhudumu. Zamu yetu ilipofika, dada wa dirishani akapokea kitambulisho, akabonyeza, akakunja uso. Mfumo umegoma. Akabonyeza tena. Mfumo ukarudi, na yeye akamtazama Mama Povu vingine kabisa.

"Mama, wewe una laini nane."

"Mimi nina moja."

"Hapa zipo nane, zote kwa kitambulisho chako na vidole vyako. Saba zimetumika kutapeli watu. Wanatumiwa ujumbe kwamba mtoto wao ameanguka shuleni, wapige namba fulani haraka. Wakipiga wanaibiwa. Malalamiko yamekuwa mengi, kwa hiyo zimefungwa zote."

Mama Povu alivigeuza viganja vyake akavitazama, na nikaona akihesabu kimoyomoyo zile rudia, rudia za chini ya mwavuli. Kila "haijasoma" ilikuwa laini mpya.

"Kuna mama mahali," akasema, "ameambiwa mwanawe ameanguka. Kwa vidole vyangu."

Dada wa dirishani alikuwa mtu mzuri, simsemi vibaya. Alishusha sauti akasema anaamini, wameletewa wengi wa namna hiyo, wazee hasa, mafundi ujenzi, watu wa mikono iliyochakaa. Lakini kufungua laini lazima vidole vihakikiwe upya. Akasogeza kimashine. Mama Povu akaweka kidole. Haikusoma, na safari hii ilikuwa kweli. Vidole vyote kumi, tukavirudia. Kioo kinawaka nyekundu tu.

"Mama, nikushauri kama mwanao," yule dada akasema. "Chukua namba mpya kwa kitambulisho cha huyu mwenzio. Watu wako utawapa namba mpya, basi."

"Mtu wangu ni mmoja," Mama Povu akajibu, "na hawezi kupewa."

Hata hivyo tulijaribu, msije mkasema hatukujaribu. Laini mpya tulichukua, kwa jina langu. Karatasi tulimwekea Bosi mfukoni, akampa mtoto atengenezee tiara. Namba nikamshonea kwenye kola ya shati, na kwa ushonaji ule nilijivunia. Jioni akarudi kutoka kwa kinyozi kifua wazi, shati kampa mtu aliyesema ana baridi. Basi wakarudi kwenye shuka. Sokota, taja. Namba mpya. Siku ya kwanza akaitazama ncha yake kama si yake. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, Mama Povu akamwambia, "Nitajie namba ya dada." Bosi akaanza ile ya zamani vizuri, katikati akaingia kwenye mpya, akasimama, akaanza tena, akapotelea palepale. Akatutazama. Alikuwa anaogopa. Sijawahi kumwona Bosi akiogopa.

Mama Povu akaweka shuka chini. Akaitoa laini mpya kwenye simu akaivunja kwa meno. "Nikimharibia hii aliyonayo, atabaki na nini?" akasema. "Namba yangu wataifungua. Hawajui tu bado kwamba wataifungua."

Usiku ule alisokota naye namba ya zamani, shuka kavu, mpaka ikakaa sawa tena.

Yule kijana wa mwavuli tulimtafuta, naam, nilikwenda na ulimi wangu umenolewa. Mwavuli tuliukuta. Chini yake anauza miwani mtu mwingine, hamjui, hajamwona, hata mwavuli kasema kaununua. Nilirudi na matusi yangu yote yakiwa mazima.

Mama Povu hakupoteza muda wa kulaani. Alikuwa anafikiri. Asubuhi akanijia barazani, akanionyesha vidole, akauliza, "Wakala alivipata vipi? Kwake vilisoma mara nane. Kwa nini ofisini havikusoma hata mara moja?"

Nikasema labda mashine ya mwizi ni bora kuliko ya kampuni.

"Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika," akasema. "Unakumbuka? Wiki zile hatukufua, shuka hazikauki. Ngozi ilikuwa imerudi."

Akakata shauri palepale. Hafui mpaka vidole virudi. Nikamuuliza shuka za watu atafua nani, akanitazama. Jamani. Mimi mwenye mgongo wangu niliinama kwenye yale mabeseni, nikafua mchana na kupiga pasi jioni, na Mama Povu amekaa kwenye kigoda, mikono imepakwa mafuta ya mgando na kuvishwa mifuko ya nailoni, imefungwa kwa uzi kwenye vifundo. Likizo ya mikono. Watu walipita kutuchungulia. Kinyozi akamuuliza kama anaposwa. Mwenye nyumba ya wageni mmoja akasema foronya zake zimerudi na mistari ya bluu; nikamwambia ni mtindo mpya. Kula alilishwa na Bosi, ambaye alilifurahia jukumu lile kupita kiasi. Kila tonge, "Kula, dada." Na mimi nikikamua na Bosi shuka za watu, dada mtu anatusimamia kutoka kigodani, "Itajeni, itajeni," na tunaitaja.

Kinyozi wakati huo alikuwa amefunga mlango wake kwa komeo la chini ambalo Bosi hakulizoea. Kila jioni roho zetu zinatulia. Siku imepita, Bosi hajatoka. Lakini tulijua bahati ile si ya kudumu, kwani yeye kutembea hajaacha, amezuiwa tu.

Ngozi ilipoanza kurudi, mistari myembamba kama ya karatasi iliyokunjwa, tukaenda. Tuliondoka alfajiri, tukamwacha Bosi kwa kinyozi kama kawaida.

Safari hii dada wa dirishani alitupeleka ndani kwa msimamizi, bwana mwembamba mwenye miwani, kwenye chumba chenye runinga kubwa inayoonyesha mistari ya mtandao ikipanda na kushuka. Bwana yule alikuwa mpole wa sauti, ila alishaamua. Alituwekea kiti kimoja. Mimi nikasimama, nimezoea.

"Mama, zile laini saba sina shaka nazo, umeibiwa. Tatizo ni hii ya nane unayosema ni yako."

"Ni yangu."

"Utaratibu wetu, mtu asipokuwa na vidole vizuri tunamuuliza namba anazowasiliana nazo zaidi. Nitajie tano."

Mama Povu akataja nyumba ya wageni, akanitaja mimi. Hakuwa na wa tatu.

Msimamizi akageuza skrini ili tuione. "Tazama hapa. Laini hii inapokea simu za watu tofauti, wengi, kutoka kila upande wa mji. Kila mmoja anapiga mara moja, anaongea kidogo, harudii tena maishani. Hawana uhusiano wowote. Mama, mimi kazi yangu ni kukamata matapeli, na laini ya tapeli inafanana hivi hivi. Watu wengi wasiomjua, mara moja moja. Hata kama saba zisingekuwepo, hii peke yake ningeifunga."

Damu ilinichemka. Nikamwambia bwana mkubwa, huyu mwanamke anafua shuka mnazolalia mkisafiri, na kama tapeli ana mikono ile basi utapeli ni kazi ngumu kuliko zote duniani. Nilikuwa na mengine mengi, na yalikuwa mazuri. Mama Povu akanishika mkono. "Subiri," akasema. Kisha akamgeukia yule bwana.

"Wapigie."

"Nani?"

"Hao. Wote hao mara moja moja. Una namba zao hapo. Wapigie uwaulize waliniibia nini, au mimi niliwaibia nini."

Msimamizi akasema si utaratibu. Mama Povu akasema sawa, atasubiri utaratibu ubadilike, na akapishanisha miguu. Hakupandisha sauti. Aliegemea kile kiti kama mtu aliyefika kwake. Wateja wengine waliingia wakatoka. Mtandao ukakatika ofisi nzima, runinga ikabaki na mstari mmoja ulionyooka, wahudumu wakakaa wanatazamana, ukarudi. Mchana ukaingia. Yeye yuko pale, viganja juu ya magoti, vinang'aa mafuta.

Mwishowe bwana yule akachukua simu ya mezani, nadhani ili tu tuondoke. Akapiga namba moja, akaweka sauti wazi. Haipatikani. Ya pili, mwanamke akasema hakumbuki kitu, yuko sokoni, akakata. Msimamizi akatutazama. Mama Povu akasema, "Endelea."

Ya tatu ikapokelewa na sauti nzito ya usingizi. Msimamizi akajitambulisha, akauliza kama anaikumbuka namba fulani aliyowahi kuipiga.

"Namba sikumbuki," ile sauti ikasema. "Ngoja. Mimi ni mlinzi, kiwanda cha mbao. Ni yule mzee wa bosi, bosi? Alikuja getini akashika mbao zangu akasema hii haijakauka vizuri. Na kweli ilikuwa haijakauka. Nilimpigia dada yake akaja, miguu ina matope, kanga imelowa. Anaendeleaje yule mzee?"

Msimamizi akashukuru, akakata. Hakuna aliyemwambia aendelee, ila aliendelea. Muuza mkaa akasema yule mgonjwa alimpangia magunia yote upya. Mhudumu wa kituo cha mafuta akasema dada mtu alifika akamshukuru mpaka akaona haya. Mwalimu akauliza kama amepotea tena, na kama amepotea yeye yuko tayari kutoka kumtafuta, aambiwe tu mzee katoka na nguo gani. Kila mmoja alikuwa amepiga mara moja maishani, na kila mmoja alikuwa anamkumbuka.

Mimi nilikuwa nalia, sioni sababu ya kuficha. Msimamizi alivua miwani akaifuta kwa tai. "Lete kidole, mama," akasema.

Basi kazi ikaanza. Gumba, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Mama Povu anafuta mafuta kidogo kwenye kanga, anaweka tena, hana haraka. Cha pete kikasoma, kijani, tukashusha pumzi, na papo hapo mtandao ukakatika na kikapotea. Nilitamani kuibeba ile mashine niitupe barabarani. Yeye akasema, "Kimesoma. Kitasoma tena." Akakirudisha palepale, akakigandamiza na mkono wa pili, na wote watatu tukawa tunakitazama kidole kile kama maji yanayokaribia kuchemka.

Kijani. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka mno. Kisha ile laini, ya nane, ikasomeka kwa jina lake, na zile saba msimamizi akazifuta mbele ya macho yake moja moja, kwa kuwa Mama Povu alisema haondoki mpaka azione zimekufa.

"Washa simu," msimamizi akasema. "Wakati mwingine inachukua muda kidogo."

Haikuchukua muda. Aliiwasha, na kabla hajaiweka mezani ikaita. Namba ngeni. Vidole vilikuwa na mafuta, simu ikataka kumponyoka, akaiweka juu ya meza ya msimamizi na kufungua sauti.

"Haloo? Haloo! Jamani imeita, imepokelewa." Sauti ya mwanamume, na nyuma yake kelele za malori. "Mama, wewe ndiye dada wa huyu mzee? Mimi ni fundi baiskeli, niko huku maegesho ya malori, mwisho wa barabara kuu. Amefika kwangu asubuhi nafungua kazi."

Asubuhi. Baadaye kinyozi alituambia alimwona Bosi akitoka na mteja, akadhani anarudi nyumbani kwetu. Mama Povu alikuwa ameshasimama.

"Mama, nimepiga mpaka nimechoka," yule fundi aliendelea. "Inasema haitumiki. Nikamwambia mzee, namba hii imekufa, nipe nyingine, hana nyingine. Wamejaribu wenye malori, amejaribu muuza vipuri, kila mmoja kwa simu yake. Askari akaja akataka ampeleke kituoni, mzee kakataa kuinuka. Anasema dada yake hajawahi kukosa kupokea, kwa hiyo ni sisi tunakosea kupiga. Amekaa hapa na jua lote hili, anatutajia, anatutajia. Mimi nimepiga mara hii ya mwisho ili nimridhishe tu. Ngoja nimpe."

Kukawa na mkwaruzo wa simu kupita mkono hadi mkono. Msimamizi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Dada," Bosi akasema. Hakuwa na hasira wala wasiwasi, ila sauti ilikuwa imekauka kwa kiu. "Ulikuwa unafua?"

Mama Povu alijifuta uso kwa mkono wake laini, uliokaa siku zote zile bila kugusa maji.

"Ndiyo, kaka," akasema. "Nilikuwa nafua. Kaa hapo hapo, nakuja kukuchukua."